Tovuti ya wote na potali ya wachache: jinsi ya kuziweka jirani bila moja kuiponza nyingine

Julai 2025 Microsoft ilitoa tahadhari kwamba wadukuzi walikuwa wakiziingilia seva za SharePoint, programu ambayo taasisi nyingi duniani huitumia kutunza nyaraka za ndani na kufanya kazi kwa pamoja. Kulikuwa na jambo moja lililowachanganya watu: walioshambuliwa ni wale wanaoendesha SharePoint kwenye seva zao wenyewe, ilhali wanaoitumia kupitia huduma ya wingu ya Microsoft 365 hawakuguswa. Programu ya jina moja, kampuni ile ile, huyu kaibiwa na jirani yake yuko salama.

Habari za namna hiyo huacha swali kwa kila taasisi yenye tovuti na kitufe cha "Ingia" kwa ajili ya wanachama: je, na sisi yanatuhusu? Kabla ya kujibu, inabidi ijulikane kitufe kile kinampeleka mtu wapi. Mara nyingi hata wenye tovuti hawajui. Aliyeijenga alishamaliza mkataba wake, kitufe kinafanya kazi, na hakuna aliyeona sababu ya kuuliza.

Ninachotaka kionekane katika makala haya ni kwamba tovuti na kilicho nyuma ya kitufe kile ni mifumo miwili yenye kazi zinazopingana, hata pale inapoonekana kuwa mmoja. Sehemu kubwa ya hatari iko kwenye maungio, yaani pale mifumo hiyo inapogusana.

Maneno kwanza

Tovuti ya umma ni kurasa ambazo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua: sisi ni nani, tunafanya nini, habari mpya, namna ya kutupata. Kadiri inavyoonekana na watu wengi ndivyo inavyotimiza kazi yake, na injini za utafutaji zikipitia kila ukurasa wake mwenyewe anafurahi. Msomaji haulizwi jina.

Potali ya ushirikiano ni mfumo wa mtandaoni ambamo kundi linalojulikana hufanya kazi pamoja: wajumbe wa bodi, watafiti wa mradi mmoja walioko taasisi tofauti, matawi ya chama, kampuni na mawakala wake. Humo nyaraka hupandishwa, rasimu huhaririwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, kalenda hupangwa, na mambo ambayo hayajawa tayari kutoka nje hujadiliwa. Wengine huiita mfumo wa ndani, wengine eneo la wanachama. SharePoint, Nextcloud na Plone ni baadhi ya programu zinazotumika kuijengea, na wapo wanaojitosheleza kwa Google Workspace bila kujenga chochote.

Chukua ofisi yenye mapokezi na masjala. Kwenye mapokezi anayepita huingia, akachukua kipeperushi, akaenda zake. Kwenye masjala faili hutolewa kwa mtu anayejulikana, faili lile tu aliloruhusiwa, na jina lake huandikwa kwenye daftari. Hakuna anayeshangaa kwamba mapokezi hayana ulinzi wa masjala. Matatizo huanza siku masjala inapohamishiwa kwenye kona ya mapokezi kwa sababu kona ilikuwa wazi na pazia lilikuwepo. Taasisi nyingi zimefanya hivyo hivyo mtandaoni: walikuwa na tovuti, wakahitaji mahali pa nyaraka za bodi, wakaongeza ukurasa wenye nywila ndani ya tovuti ile ile.

Kutambua na kuruhusu

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya, na naona kuchanganya huku ndiko chanzo cha makosa mengi kuliko uhodari wowote wa wadukuzi. Kutambua ni mfumo kuridhika kwamba wewe ndiye fulani. Kuruhusu ni mfumo kuuliza, kila mara, kama fulani huyo ana haki ya kukipata kitu hiki anachokitaka sasa hivi. Nywila inafanya kazi ya kwanza peke yake.

Tazama jinsi inavyokuwa. Mjumbe anaingia kwa nywila yake halali, anafungua taarifa ya kamati yake, na juu ya kivinjari anaona anwani hii: example.org/potali/waraka?id=1047. (Kikoa, yaani jina la tovuti mtandaoni, cha example.org kimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo nitakitumia hadi mwisho.) Anafuta 7, anaandika 8, anabonyeza. Mfumo uliojengwa vizuri utakwenda kuangalia kama mjumbe huyu anahusika na waraka namba 1048, na ukikuta hahusiki utamkatalia. Mfumo uliojengwa kwa haraka utaangalia kama ameingia, utaona ndiyo, na utamfungulia barua ya nidhamu ya mtu mwingine. Mhusika hakudukua chochote. Alibadilisha tarakimu moja.

Jambo hili limetokea kwa kiwango kikubwa mno. Mwaka 2019 ilibainika kwamba kampuni ya Marekani ya bima ya hati za umiliki wa nyumba, First American Financial, ilikuwa na mafaili takriban milioni 885 yaliyoweza kufunguliwa namna hiyo. Aliyekuwa na kiungo cha waraka mmoja alibadilisha tarakimu akapata wa mwingine, na hata nywila hakuulizwa. Humo mlikuwa na namba za akaunti za benki na kumbukumbu za kodi. OWASP, jumuiya ya kimataifa inayofuatilia usalama wa programu za wavuti, iliziweka kasoro za ruhusa nafasi ya 1 katika orodha yake ya mwaka 2021. Mwaka 2017 zilikuwa nafasi ya 5.

Kwa hiyo unapokabidhiwa potali mpya, usiridhike kuona kwamba ukurasa wa kuingia unafanya kazi. Tengeneza akaunti mbili za majaribio zenye haki tofauti. Ingia kwa ile ya chini, kisha bandika viungo ulivyonakili kutoka kwenye ile ya juu. Zoezi hili halihitaji utaalamu, na litakuambia mengi kuliko ripoti yoyote ya mkandarasi.

Anwani: uamuzi mdogo wenye matokeo makubwa

Potali inaweza kukaa mahali patatu. Inaweza kuwa ndani ya anwani ya tovuti, kama example.org/potali. Inaweza kuwa kwenye kikoa kidogo, kama potali.example.org. Au ikapewa kikoa chake kabisa. Kwa macho ya msomaji tofauti ni ya nukta na mkwaju tu. Kwa kivinjari ni tofauti kubwa, na inafaa tukae hapa kidogo.

Kivinjari chako kina sheria ya msingi inayozuia tovuti moja kusoma mambo ya nyingine. Ukiwa umefungua benki kwenye kidirisha kimoja na tovuti ya vichekesho kwenye kingine, sheria hii ndiyo inayowazuia wa vichekesho kusoma salio lako. Ili kuamua nani ni nani, kivinjari hutazama mwanzo wa anwani: aina ya muunganisho, jina la seva, na namba ya poti. Kinachofuata baada ya mkwaju hakiangaliwi. Kwa hiyo example.org/habari na example.org/potali, kwa kivinjari, ni nyumba moja.

Sasa chukulia kwamba kwenye ukurasa wa habari kuna sehemu ya maoni ambayo haichuji vizuri, mtu akapenyeza humo kipande cha msimbo. Mwenyekiti wa bodi, ambaye asubuhi aliingia kwenye potali, mchana anasoma habari hiyo. Msimbo ule unaendeshwa ndani ya kivinjari chake, unaomba kimyakimya ukurasa wa example.org/potali/nyaraka, na kivinjari kinaona ombi limetoka nyumba ile ile, kinaambatanisha kitambulisho cha mwenyekiti, kinaleta orodha ya nyaraka. Nywila ya mwenyekiti ilikuwa imara, uthibitishaji wake wa hatua mbili (nywila, kisha kitu cha pili kama tarakimu za kwenye simu) ulikuwa umewashwa, na havikusaidia, kwa sababu alikwishaingia yeye mwenyewe.

Ukiihamishia potali kwenye potali.example.org, msimbo uliopenya kwenye www.example.org hauwezi tena kusoma majibu yanayotoka kwenye potali. Lakini hapo kuna jambo la pili ambalo wajenzi wengi hulisahau, nalo ni vidakuzi.

Kidakuzi ni kipande kidogo cha taarifa ambacho seva hukiacha kwenye kivinjari chako ili ikukumbuke. Ukishaingia kwenye potali, kidakuzi ndicho kitambulisho chako cha muda, na anayekipata anaweza kujifanya wewe bila kuijua nywila. Seva inapokiweka inaweza kusema kirudishwe kwake peke yake, au kirudishwe kwa kila seva iliyo chini ya example.org. Wajenzi huchagua hili la pili ili mtu akiingia sehemu moja atambuliwe kote. Ni raha kwa mtumiaji, lakini maana yake ni kwamba kidakuzi cha potali kinapelekwa hata kwenye tovuti ya umma, na siku tovuti ikitekwa, mtekaji anavikusanya. Kuna tiba rahisi ya kumwomba fundi wako: jina la kidakuzi cha potali lianze na __Host-. Vivinjari vya sasa vikiona herufi hizo hukataa kidakuzi hicho kisitumwe kwa seva nyingine yoyote, na hukataa pia kisiwekwe kupitia muunganisho usiosimbwa.

GitHub, huduma ambayo watengenezaji programu huhifadhia kazi zao, ilikutana na tatizo hili. Kurasa za watumiaji wake zilikuwa chini ya github.com, kikoa kile kile ambacho watu huingilia kwenye akaunti zao. Aprili 2013 ikazihamishia zote kwenye github.io ili yeyote atakayeweka msimbo mbaya kwenye ukurasa wake asivifikie vidakuzi vya akaunti. Kampuni yenye wahandisi wa usalama wa kutosha iliona njia nzuri ni kutenga kikoa kizima, na kwa potali yenye nyaraka nyeti kweli naona ni ushauri wa kufuata. Kwa taasisi nyingi kikoa kidogo chenye vidakuzi vilivyofungwa kinatosha. Potali iliyo ndani ya anwani ya tovuti sikubaliani nayo, labda kama ndani yake hakuna kitu ambacho kingemuumiza mtu kikitoka.

Seva moja, hifadhidata moja, balaa moja

Anwani zikitenganishwa huku mifumo yote miwili ikikaa kwenye akaunti moja ya seva, kazi imefanyika nusu. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa na WordPress, na WordPress yenyewe si mbaya. Programu-jalizi zake, yaani vipande vya ziada vinavyoongezwa juu yake, ndizo zinazoleta kilio, zile za picha za kupita, fomu za mawasiliano na vitufe vya kushirikisha, zilizowekwa mara moja zikasahaulika. Mdukuzi akipenya kupitia mojawapo, anaweza kusoma mafaili yote ambayo akaunti ile ya seva inaweza kuyasoma. La kwanza atakalolitafuta ni wp-config.php, kwa sababu nywila ya hifadhidata imeandikwa humo kwa maandishi ya kawaida. Kama potali iko kwenye folda ya jirani, faili lake la usanidi nalo liko wazi kwake.

Mossack Fonseca, kampuni ya sheria ya Panama, ndiyo mfano unaopaswa kukumbukwa na kila anayeweka mifumo hii jirani. Aprili 2016 habari zilianza kuchapishwa kutokana na nyaraka zake milioni 11.5 zilizovuja. Wataalamu wa usalama walioitazama mifumo yake kwa nje baada ya hapo waliona tovuti ya umma ikiendeshwa na WordPress yenye toleo la zamani la Revolution Slider, programu-jalizi ya picha za kupita ambayo tundu lake lilikuwa likijulikana. Waliona pia potali ya wateja ikitumia Drupal, programu nyingine ya kuendeshea tovuti, toleo ambalo muda wake ulikuwa umepita zamani. Njia hasa iliyotumika kuzitoa nyaraka haijathibitishwa hadharani. Lakini mifumo yote miwili ilikuwa imeachwa bila kusasishwa, na wateja walikuwa wakiiamini.

Kwa hiyo potali ipewe akaunti yake ya seva, hifadhidata yake yenye mtumiaji na nywila yake, na msimamizi wa tovuti asiwe moja kwa moja msimamizi wa potali. Kijana anayeandika habari za tovuti hahitaji kuona bajeti.

Faili lenyewe

Kuna kosa moja ninalotaka kulieleza peke yake kwa sababu linatokea kimya kimya. Mtu anaandika ukurasa kwenye WordPress, anauwekea nywila, anapandisha PDF ya mishahara na kuiweka ndani ya ukurasa huo. Anaamini PDF imelindwa. Nywila ile inalinda ukurasa tu. Faili lenyewe limehifadhiwa kwenye folda ya wp-content/uploads, lina anwani yake, na yeyote mwenye anwani hiyo analifungua bila kuulizwa kitu. Mjumbe mmoja akibandika kiungo cha faili kwenye kundi la mazungumzo, limeshatoka.

Potali halisi haitoi faili kwa anwani ya moja kwa moja. Faili hukaa mahali ambapo wavuti haifiki, na programu ndiyo inayolisoma na kulikabidhi baada ya kuuliza ruhusa. Kupima ni rahisi: nakili kiungo cha waraka ukiwa umeingia, fungua dirisha la faragha la kivinjari, bandika. Ukiletewa ukurasa wa kuingia, vizuri. Ukiletewa waraka, acha kupandisha nyaraka mpya hadi hilo litengenezwe.

Imani zinazopotosha

Ya kwanza ni ile ya alama ya kufuli: "Tovuti yetu ina https, kwa hiyo ni salama." Https husimba mazungumzo kati ya kivinjari na seva ili wa katikati asiyasome wala kuyabadilisha. Ni ya lazima kabisa, na tangu shirika la Let's Encrypt lianze kutoa bure vyeti vya https mwishoni mwa 2015 hakuna udhuru wa kutokuwa nayo. Haisemi chochote kuhusu kilicho kwenye seva yenyewe. Tovuti ya tapeli nayo huwa na https. Chrome iliiondoa alama ya kufuli kwenye sehemu ya anwani mwaka 2023, na sababu mojawapo ni kwamba watu waliielewa vibaya.

Ya pili inasema: "Potali yetu hakuna anayeijua, hatujaiweka kiungo popote." Unapoiombea potali.example.org cheti cha https, jina hilo huandikwa kwenye daftari za wazi za vyeti ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Nenda crt.sh, andika kikoa cha taasisi yako, na utaona orodha ya majina ambayo huenda ulidhani ni siri, yakiwemo ya seva za majaribio za miaka iliyopita. Kuna roboti zinazosoma daftari hizo muda wote. Wapo pia wanaoandika anwani ya potali kwenye faili la robots.txt ili injini za utafutaji zisiipitie. Utaratibu huo ulianza mwaka 1994 kama ombi la hiari kwa roboti zenye adabu, na faili lenyewe lazima liwe wazi kwa kila mtu. Kuandika humo "msipite /nyaraka-za-bodi" ni kuwaonyesha wenye nia mbaya pa kuanzia.

Ya tatu: "Sisi ni wadogo, nani atuhangaikie?" Mashambulizi mengi hayamchagui mtu. Oktoba 15, 2014 timu ya Drupal ilitangaza tundu zito pamoja na sasisho la kuliziba. Wiki mbili baadaye ikawaambia wamiliki wa tovuti kwamba yeyote ambaye hakusasisha ndani ya saa 7 tangu tangazo lile achukulie kwamba tovuti yake imeshaingiliwa. Roboti zilizokuwa zikizunguka hazikuuliza taasisi ina wafanyakazi wangapi.

Ya nne ni kubadilisha nywila kila mwezi. Wasimamizi wengi bado wanawalazimisha watu, na watu wanajibu kwa kuongeza namba mwishoni: Januari1, Februari2. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu mwongozo wake wa 2017 inashauri kuacha kulazimisha mabadiliko ya mara kwa mara bila sababu, na badala yake kuzikagua nywila dhidi ya orodha za zile zilizokwishavuja. Nywila ndefu inayokaa muda mrefu, isiyotumika kwingine, inashinda fupi inayobadilika.

Nani yuko ndani

Uthibitishaji wa hatua mbili ni wa lazima kwa potali, na hapa sina "labda". Mtu anaweka nywila, kisha anathibitisha kwa kitu cha pili alicho nacho. Ujumbe mfupi wa simu ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ingawa namba ya simu inaweza kuhamishwa na matapeli kwenda kwenye laini nyingine. Programu ya simu inayotoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30 ni bora zaidi. Bora kuliko zote ni funguo za kidijitali zilizofungwa kwenye kifaa chako na kwenye anwani ya tovuti husika, kwa sababu ukipelekwa kwenye potali bandia yenye sura ile ile ufunguo hautafanya kazi, hata kama wewe umedanganyika.

Kinachosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni walioondoka. Potali ya ushirikiano kwa asili yake ina watu wa nje: mshauri wa miezi mitatu, mtafiti mgeni, mkaguzi. Mradi unaisha, akaunti inabaki. Mei 2021 bomba la mafuta la Colonial nchini Marekani lilisimama kwa siku kadhaa baada ya wadukuzi kuingia kwa akaunti ya zamani iliyokuwa haitumiki tena lakini haijafungwa, na ambayo haikuwa na hatua ya pili ya uthibitishaji. Kampuni iliwalipa wadukuzi bitcoin 75, yaani sarafu za kidijitali. Kwa hiyo kila akaunti ya mtu wa nje iwekewe tarehe ya mwisho siku inapofunguliwa, na kazi ya kuipitia orodha ya watumiaji iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Akaunti ya pamoja, ile ya "sekretarieti" inayotumiwa na watu watano, ifutwe. Haimtambulishi yeyote, kwa hiyo kumbukumbu za matukio hazitakuambia ni nani aliyefuta faili.

Uiendeshe mwenyewe au ukodi?

Hapa ndipo habari ya SharePoint inapoeleweka. Ukikodi huduma ya wingu, mwenye huduma ndiye anayesasisha programu, na tundu likigunduliwa yeye ndiye anayekesha. Ukiendesha kwenye seva yako, nyaraka ziko mikononi mwako, na kukesha ni juu yako. Katika mashambulizi yale ya Julai 2025 wadukuzi waliiba pia funguo za siri ambazo seva hutumia kuhakiki taarifa inazopokea. Aliyesasisha programu bila kubadilisha funguo hizo alikuwa ameziba tundu huku mwizi akibaki na ufunguo halali. Hilo si jambo ambalo fundi wa mara moja kwa mwezi angelikumbuka.

Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ilionyesha gharama ya kuchelewa. Sasisho la programu iliyoendesha potali yake ya malalamiko ya wateja lilitolewa Machi 2017. Halikuwekwa. Wadukuzi waliingia Mei, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikachukuliwa. Hiyo ni kampuni yenye idara nzima ya usalama.

Ushauri wangu ni wa wazi: kama huwezi kumtaja mtu atakayeweka sasisho la dharura Jumamosi usiku, kodi. Kama sheria au unyeti wa nyaraka unakulazimu kuzishika mwenyewe, lipia mtu huyo kwanza kabla ya kulipia seva. Na kukodi hakukuondolei kazi ya ruhusa. Folda iliyoshirikishwa kwa "yeyote mwenye kiungo" iko wazi popote ilipo, na hakuna kampuni ya wingu itakayokufungia usipoamua mwenyewe.

Nakala rudufu zinahitajika kwa vyovyote vile, na zikae mbali na mfumo wenyewe. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVH, kampuni inayokodisha seva, mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao zilikuwa kwenye eneo lile lile la moto. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha usiihesabu.

Kama tayari potali yako iko kwenye kona ya tovuti

Usifunge kila kitu kwa siku moja. Watu watahamia kwenye barua pepe na nyaraka zitasambaa zaidi. Anza na uthibitishaji wa hatua mbili kwa wasimamizi, futa akaunti zisizo na mwenyewe, kisha fanya lile jaribio la dirisha la faragha kwenye nyaraka chache nyeti. Hayo yanawezekana ndani ya wiki moja bila kuhamisha chochote.

Baada ya hapo andaa potali mpya kwenye kikoa kidogo na seva yake, hamisha kundi moja kwanza, lile lenye subira, na uwape wiki kadhaa waonyeshe kinachokwama. Wakishazoea hamisha wengine. Kwenye tovuti ya umma kitufe cha "Ingia" kibaki kiungo cha kawaida tu. Fomu ya nywila isionekane kwenye tovuti hata kidogo, ijazwe kwenye potali yenyewe.

Kisha rudi kwenye seva ya zamani ufute. Ukurasa wa zamani ukielekezwa kwenye potali mpya, mafaili yaliyokuwa nyuma yake hayaondoki yenyewe; PDF zile bado ziko kwenye wp-content/uploads na anwani zao zinafanya kazi kama zamani. Zifute moja moja au folda nzima, fungua injini ya utafutaji uandike site:example.org filetype:pdf uone ni zipi zilikwishaorodheshwa, na uombe ziondolewe kwenye matokeo. Nakala rudufu za zamani za tovuti nazo zina mafaili hayo hayo ndani yake, kwa hiyo zihamishiwe zinakohifadhiwa za potali, chini ya ulinzi ule ule.